Mwalimu, nunua poda kabla ya rangi

Mwalimu, salaam. Umeuliza uanze kununua nini cha kuwapaka waigizaji wako, nawe pesa ni chache na mchezo una babu, askari aliyejeruhiwa na mke wa sultani. Nimepaka waigizaji hapa Mombasa miaka tisa, wa shule na hata pale Little Theatre Club, Mbaraki. Hapa kwetu adui ni jasho, basi poda itangulie rangi.

Mchezo wangu wa kwanza nilifanya kinyume. Fedha zote zilikwenda kwenye kisanduku cha rangi za maji. Ilikuwa Februari, ukumbi hauna feni, na pazia lilipofunguliwa makunyanzi ya babu yalikuwa yashateremka hadi kwenye kanzu. Nililia nyuma ya jukwaa.

Rangi inayokorogwa kwa maji, jasho nalo huikoroga. Ya krimu hustahimili zaidi, lakini bila poda nayo huteleza. Paka nyembamba, gandamiza poda kwa sponji bila kusugua, ngoja kidogo, kisha pangusa inayozidi kwa brashi laini. Chukua poda isiyo na rangi au inayolingana na ngozi ya mwigizaji. Ile nyeupe ya watoto, chini ya taa, huifanya ngozi yetu ionekane imepakwa majivu.

Krimu nne zatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu na hudhurungi. Babu mwambie akunje uso, ufuate mikunjo yake mwenyewe kwa hudhurungi, na kando ya kila mstari uweke mwingine mwembamba, mweupe kuliko ngozi yake, ukingo uufifishe kwa kidole. Mvi ni krimu nyeupe na mswaki mkuukuu. Mke wa sultani hana gharama, vyake vimo majumbani, ila kila mtu atumie wanja wake kwa sababu macho huambukizana.

Damu ya askari pika mwenyewe: sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili isiwe nyekundu ya peremende. Tenga chupa mbili. Ya nguo itie sabuni ya maji kidogo ifulike kwa urahisi, ya mdomoni isiguswe na sabuni. Hata hivyo ijaribu kwanza kwenye kitambaa.

Sasa hili nakusihi. Usichore ndevu wala kovu kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi. Najua iko kila mahali na harusini twaiona, lakini ni rangi ya nywele, mna kemikali ya PPD inayoweza kuchoma ngozi na kuacha alama, na mwili ukishaikataa mara moja huenda ukaikataa maisha. Nimeona mkono wa msichana uliovimba malengelenge kwa ua moja tu. Uso wa mwanafunzi si wa kujaribia. Na kila kipya, hata krimu ya bei ghali, kipake kidogo ndani ya kiwiko siku moja kabla.

Ndevu za kubandika ziache mwaka huu. Gundi yake inataka dawa yake ya kuitolea, na hiyo ni gharama nyingine.

Kutoa krimu, mafuta ya nazi na pamba hufanya kazi nzuri sana, kisha sabuni na maji. Nunua pamba nyingi kuliko unavyodhani.

Huyo babu umeshamchagua? Niambie ngozi yake ni maji ya kunde au nyeusi, nikuelekeze poda ya kuchukua.