Nanga yangu ikiingia majini, kilo huenda wapi?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mtongwe. Nanga yangu ya chuma ni kilo 10 kwa mizani ya ndoano. Nikiizamisha yote baharini, mizani yasoma 8.7. Mwenzangu ashikilia kwamba kadiri inavyoshuka ndivyo maji yanavyoisukuma juu zaidi. Ni kweli? Na hizo kilo zimekwenda wapi?

JIBU: Mizani yako ni nzima, ndugu yangu. Mwenzako ndiye aliyeteleza, ingawa si yeye peke yake; hata wanafunzi wangu huteleza papo hapo.

Lita moja ya chuma ni kama kilo 7.85, kwa hivyo nanga yako yachukua nafasi ya lita 1.27. Maji ya bahari ya kujaza nafasi hiyo yana kilo 1.3. Maji huisukuma nanga juu kwa uzito huohuo; utoe katika 10, wabaki na 8.7 yako. Hesabu hii ni ya Archimedes wa Syracuse, mtaalamu wa Kiyunani wa kale, yapata miaka 2,200 sasa.

Kuhusu kina: maji huibana nanga pande zote, na kwa kuwa upande wake wa chini uko ndani zaidi kuliko wa juu, mbano wa kutoka chini huushinda ule wa juu. Ile tofauti ndiyo inayoinua. Ukiiteremsha mita 20 zaidi, mbano waongezeka juu na chini kwa kiasi kilekile, tofauti haibadiliki. Hata pale Kilindini, na jina lenyewe latokana na kilindi, utasoma 8.7. Ila kama nanga ina mnyororo, kwenye kina utaona uzito umezidi, kwa kuwa wauning'iniza na mnyororo mrefu zaidi.

Sasa kilo zako. Chota maji ya bahari kwenye pipa lililokatwa, uliweke juu ya mizani ya kupimia magunia, usome. Kisha ining'inize nanga ndani kwa mizani yako ya ndoano, izame yote lakini isiguse chini wala ubavuni, na maji yasimwagike (hapo ndipo wengi huharibu). Ya ndoano itapungua kilo 1.3. Ya chini ya pipa itaongezeka kilo 1.3. Maji yanayoisukuma nanga juu nayo yasukumwa chini na nanga, na mzigo huo walifikia pipa.