Barua kwa mwanangu: B yako imetoka wapi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema kliniki wamekupima damu kwa ajili ya ujauzito na cheti kimerudi na mambo mawili: kundi la damu B, na kwenye mstari wa himoglobini wameandika AS. Kisha ukauliza: "Baba, wewe ni O, mama ni AB. Ulitufundisha kwamba jeni tawala huifunika jeni nyonge. Mbona mimi sina kundi la yeyote kati yenu? Na hiyo AS ndiyo kusema naumwa?"

La pili nikujibu haraka ili upate usingizi: huumwi. Maelezo yake yako mbele.

La kwanza lina kosa langu ndani yake. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nilichora ule mraba wa vyumba vinne, herufi kubwa na herufi ndogo, kubwa inaifunika ndogo, kipindi kimeisha. Ni somo linaloeleweka upesi na mtihani unaliuliza. Siku moja nikawaambia wanafunzi wakunje ndimi zao kama mfereji, tukahesabu wanaoweza na wasioweza, nami nikatangaza: kukunja ulimi ni jeni tawala, kwa hiyo mtoto anayekunja hawezi kuzaliwa na wazazi wawili wasiokunja. Kipindi kilichofuata, binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye mkono wake haukuwa ukishuka, hakuunyoosha hata mara moja. Kengele ilipolia akanifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Alikuwa amewajaribu baba na mama yake nyumbani. Wote wawili walishindwa, na yeye anaweza. Nikamjibu kwa ukali wa mwalimu asiyependa kuulizwa mara mbili: sayansi ndivyo isemavyo.

Sayansi haikuwa imesema hivyo. Aliyeuandika mfano huo mwaka 1940 ni Alfred Sturtevant, mwanajenetiki wa Marekani. Mwaka 1952 uchunguzi wa mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, ulikuta jozi ambazo pacha mmoja anakunja na mwenzake hawezi. Mwaka 1965 Sturtevant mwenyewe akaandika kwamba anaona aibu kuukuta mfano wake bado unatajwa kama jambo lililothibitishwa. Mimi niliendelea kuufundisha miaka mingi baada yake. Yule binti sijui aliondoka na nini moyoni siku ile, na sikuwahi kumwita nikamrekebishia.

Ndiyo maana swali lako silijibu kwa mistari miwili.

Juu ya ngozi ya chembe nyekundu za damu kumesimama vijinyororo vya sukari, na karibu watu wote wana msingi mmoja wa vijinyororo hivyo, unaoitwa H. Jeni ya makundi ya damu iko kwenye kromosomu ya 9, na kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari moja zaidi juu ya msingi huo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya A hubandika sukari ya aina moja. Nakala ya B hubandika ya aina nyingine. Nakala ya O iliyo ya kawaida zaidi imedondosha herufi moja tu ya maandishi yake, na kila kinachofuata baada ya hapo kikavurugika, kwa hiyo kimeng'enya chake hakifanyi kazi na msingi unabaki mtupu. Huo ndio unyonge wote wa O. Haikupigana na A ikashindwa, haikwenda kazini.

Ungekuwa maabara ungeliona jambo hili kwa macho. Mtaalamu anadondosha matone mawili ya damu yako kwenye kigae cheupe. Juu ya moja anaweka dawa ya buluu yenye kingamwili dhidi ya A, juu ya jingine dawa ya njano yenye kingamwili dhidi ya B, kisha anakitikisa kigae taratibu kwa mkono. Tone lako la upande wa buluu linabaki laini kama rangi iliyotiwa maji. La upande wa njano linaanza kukatika vipandevipande, kama maziwa yanapoganda, mpaka chembe zimeshikana punje nyekundu katikati ya maji. Kwa mama yako matone yote mawili yanashikana. Kwangu mimi hata moja.

Sasa mwangalie mama yako. Ana A na ana B, na hakuna inayomfunika mwenzake: vimeng'enya vyote viwili viko kazini, kila kimoja kinabandika sukari yake kwenye chembe ileile. Kile kisa cha mtawala na mnyonge hapa hakipo. Kwenye yai aliweza kukupa moja tu, A au B. Mimi sikuwa na cha kukupa zaidi ya O. Kwa hiyo watoto wetu ni A au B, kama kaka yako alivyo A na wewe ulivyo B. Kutokuwa na kundi la baba wala la mama ndicho hasa kilichotazamiwa, na ungerudi na AB au O ndipo ningekuna kichwa. Aliyeonyesha mwaka 1924 kwamba mambo haya yote yanatokana na sura tatu za jeni moja alikuwa mwanahisabati wa Ujerumani, Felix Bernstein. Alikaa na hesabu za familia mpaka zikakubali.

Na hata hapo ningekuna kichwa tu, nisingefungua kesi. Mwaka 1952 madaktari wa Mumbai walieleza watu ambao ule msingi wa H wenyewe hawana, kwa sababu jeni nyingine, iliyo kwenye kromosomu nyingine kabisa, imeharibika katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Mtu wa namna hiyo anaweza kubeba B safi kabisa na bado akapimwa akaonekana O, maana sukari haina pa kubandikwa, na B hiyo akamrithisha mtoto. Ni nadra sana, lakini nikisikia mtu anataka kuvunja nyumba kwa cheti cha kundi la damu peke yake, huwa nawakumbuka hao.

Mkwe wangu, kama nakumbuka vizuri, ni A. Wewe ni B iliyobeba O yangu kimyakimya. Kama na yeye amebeba O nyuma ya A yake, mjukuu wangu anaweza kuwa A, B, AB au O, kila moja kwa robo. Basi msije mkaniandikia tena kwa hofu.

Tuje kwenye AS. Hiyo S umeipata kwangu. Nilipimwa nikiwa chuoni, nikaiweka karatasi ndani ya kitabu na kuendelea na maisha. Nilipaswa kuwaambia wewe na kaka yako mlipokua. Naye atapata barua yake.

Hapa tumehamia kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu: A ni nakala yake ya kawaida, si ile A ya kundi la damu, na S ni ile nakala ya selimundu. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 11, na herufi moja iliyobadilika imefanya kiungo kimoja katika mnyororo wa protini, cha 6, kiwe kingine. Mwenye S mbili anaugua: chembe zake zikikosa oksijeni zinajipinda mfano wa mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yake si ya kusimuliwa. Mwenye A moja na S moja, kama mimi na wewe, kwa kawaida anaishi na kuzeeka bila kuugua.

Nilipokuwa mwalimu ningekuuliza: je, S ni tawala au nyonge? Ningetegemea jibu moja. Leo nakuuliza unasimama wapi unapojibu. Ukisimama wodini, S ni nyonge, maana inahitaji kuwa mbili ndipo mtu alazwe. Ukisimama maabara, pale wanapoivuta himoglobini kwa umeme ili ijitenge, damu yetu inatoa mistari miwili, A ikiwa imezidi nusu kidogo na S imebaki nyuma, kila nakala imetengeneza ya kwake. Kumbe ni kama A na B za mama yako. Ukiziweka chembe zetu chini ya darubini, ukazinyima oksijeni kabisa, baadhi zinapinda pia, ila si kwa wepesi kama za mgonjwa. Hapo tuko katikati. Na mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba S moja inatosha kumpunguzia mtu hatari ya malaria, kwa hiyo mbele ya mbu ungesema S ndiyo inayotawala. Herufi moja iliyobadilika, majibu manne, na hakuna la uongo. Neno "tawala" halikuwa tabia ya jeni hata siku moja. Lilikuwa jina la kile tulichokiona kutoka pale tuliposimama. (Kinga hiyo si ya kutegemea ukiwa mjamzito. Dawa na chandarua fuata kama wanavyokuelekeza kliniki.)

Mama yako, ambaye anasoma begani mwangu, anataka nikwambie kama mtoto atakuwa mrefu kama upande wake. Jibu lake linaanzia kwa Mendel. Yule mtawa wa Brno aliyechapisha kazi yake ya mbaazi mwaka 1866 alichagua sifa saba zinazokatika wazi, ndefu au fupi, mviringo au iliyokunjamana. Lakini alikuwa mkweli: kwenye maandishi yaleyale alieleza kwamba muda wa kutoa maua ulikaa katikati ya wazazi, na kwamba rangi za maua ya maharage hazikumtii, akahisi kuna vinasaba zaidi ya kimoja vinavyochangia. Sisi walimu tulizichukua saba, tukaiacha hisia yake. Urefu wa binadamu ni wa upande ule tulioacha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022, uliojumlisha watu wapatao milioni 5.4, ulipata sehemu 12,111 za vinasaba zinazougusa urefu, nyingi zikiongeza au kupunguza kiasi kisichopimika kwa rula. Juu yake weka lishe na magonjwa ya utotoni. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hupishana vichwa, na hakuna mraba wa kuchora.

Kitu kimoja tu namkubalia mama yako bila ubishi. Ndani ya kila seli kuna mitokondria, zile tanuri ndogo za nishati, na zina jeni zake 37, ambazo mtoto huzipata kwenye yai. Zangu hukupata hata moja. Zako ni za mama yako, zake za bibi yako, na za mjukuu wangu zitakuwa hizohizo, awe wa kiume au wa kike. Amecheka mpaka ameondoka begani.

Nimebakiza jambo moja, nalo nataka ulifanye wiki hii. Mkwe akapime himoglobini, na aitaje hivyo hivyo, maana akisema "kupima damu" watampa kundi tu na kumrudisha nyumbani. Akiwa AA, kila mtoto wenu ana nusu ya kuwa kama sisi na hakuna atakayeugua selimundu. Akiwa AS, kila mimba ina robo ya kuwa SS, na robo hiyo haijui mimba iliyotangulia ilipata nini. Zipo pia nakala nyingine, kama C, ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa, kwa hiyo asome herufi zote zilizoandikwa. Hata jibu likiwa gumu ni heri mlijue mapema, maana mtoto akigundulika mara anapozaliwa huanzishiwa kinga ya maambukizi mapema.

Majibu yakitoka nitumie picha ya cheti, yote mpaka pembeni, si nusu kama ulivyonitumia jana. Mhuri nimeuona, namba ya kipimo sikuiona.

Baba yako