Moshi wa Kusi: Ushauri kwa Wanaoanza Kuufuatilia kwa Setilaiti

Kwenu mnaoanza kazi hii Mtwara na Lindi, jambo ambalo ningependa mlishike mapema ni kwamba picha ya setilaiti huonyesha moshi uliotanda angani, wala haionyeshi hewa anayoivuta mtu aliyesimama chini yake. Mwaka wangu wa kwanza niliona utando wa kijivu ukivuka Mto Ruvuma kuelekea Masasi, nikaandika kwamba hewa ya mji imechafuka. Mwenzangu aliyekuwa huko alinieleza kwa simu kwamba jua lilikuwa limefifia kidogo, lakini milima ilionekana vizuri na hapakuwa na harufu yoyote. Moshi ulikuwa umepita juu sana, nami nililazimika kuifuta taarifa.

Kabla ya kufungua picha, jiulizeni upepo unatoka wapi. Katika miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi ya mioto kichaa, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na kwa hiyo moshi wa Liwale au Nachingwea kwa kawaida husukumwa kuelekea bara, huku miji ya pwani ikipata hewa ya baharini. Mkiona weupe hafifu juu ya bahari mbele ya Mikindani wakati kusi imekaza, msikimbilie kuuita moshi. Mara nyingi ni mng'ao wa jua juu ya maji, ambao hauna chanzo wala mkia, na ambao huhama mahali pake setilaiti inapopita kwa njia nyingine siku inayofuata.

Saa nazo zimewaponza wengi. Vihisi vya VIIRS, vilivyo kwenye setilaiti na vinavyotambua moto kwa joto lake, hupita kwetu karibu na saa saba na nusu mchana na tena usiku wa manane, lakini data zake huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Anayekuta 10:30 na kuisoma kwa mazoea yetu ya Kiswahili kuwa saa nne na nusu asubuhi atautafuta upepo wa asubuhi, ilhali moto ulionekana mchana wa jua kali. Andikeni saa zote mbili katika kila jedwali.

Alama nyekundu ya moto kwenye ramani inawakilisha pikseli, yaani kipande kimoja cha picha, chenye upande wa mita 375, si ukubwa wa moto wenyewe. Shamba dogo linalosafishwa linaweza kutoa alama ileile inayotolewa na msitu unaoteketea. Moto uliowashwa jioni na kuzimika kabla ya setilaiti kurudi hautaonekana kabisa. Vumbi la salfa linalopulizwa kwenye mikorosho alfajiri kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga pia msilitafute katika picha hizi, ingawa mkulima anayelipuliza anastahili barakoa kama anayevuta moshi.

Mawingu yakifunika uwanda wa Newala, kipimo cha erosoli, yaani chembechembe zinazoelea hewani kama za moshi, hukatika, na nafasi tupu kwenye ramani isisomwe kuwa hewa safi. Hapo mimi hugeukia kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye moto, inayopimwa na Sentinel-5P, setilaiti iliyorushwa Oktoba 2017, kwa kuwa gesi hiyo hudumu angani kwa wiki kadhaa na husaidia kufuata njia ya moshi hata baada ya utando kutoonekana kwa macho. Pikseli zake ni za kilomita kadhaa, kwa hiyo zinafaa kwa wilaya, hazifai kwa mtaa, na mawingu mazito huzidhoofisha pia.

La mwisho linanigusa zaidi. Katika misitu ya vijiji vya Kilwa, moto wa Juni unaweza kuwa umewashwa kwa makusudi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba usipate cha kula. Kutoka angani mioto yote miwili ni alama nyekundu. Msiandike kuwa kijiji kinateketeza msitu wake kabla ya kumpigia simu mwenyekiti wa kamati ya maliasili na kumuuliza nani aliwasha, lini, na kwa sababu gani.