Golikipa Aliyeweka Rehani Medali Zake za Dhahabu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa miaka 15 anadaka katika timu ya shule yao, na ukutani amebandika picha ya Briana Scurry wa Marekani. Juzi mjomba wake alimtania kwamba golikipa huyo aliishia kuweka rehani medali zake za Olimpiki, na tangu siku hiyo mtoto hana raha. Je, ni kweli? Ilikuwaje bingwa wa dunia akafika huko?
Mama wa golikipa, Morogoro

JIBU: Ni kweli, mama, ila mjomba amesimulia nusu ya habari. Scurry aliweka rehani medali zake mbili za dhahabu, ya Atlanta 1996 na ya Athens 2004, kwa dola 18,000 hivi, kwa sababu alikuwa mgonjwa asiyeweza kufanya kazi.

Jina lake lilivuma Julai 10, 1999, katika uwanja wa Rose Bowl, ambako Marekani na China zilimaliza dakika 120 za fainali ya Kombe la Dunia bila bao mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000. Alipangua mkwaju wa tatu wa China, uliopigwa na Liu Ying, na wenzake wakafunga mikwaju yao yote mitano. (Wapinzani walilalamika kwamba alitoka kwenye mstari kabla ya mpira kupigwa, picha zinawaunga mkono, na refa angeamuru mkwaju urudiwe, mimi nisingemlaumu.)

Sifa hizo, hata hivyo, hazikuwa akiba ya benki. Ligi ya kulipwa ya wanawake aliyoichezea akiwa na Atlanta Beat ilianza mwaka 2001 na kuvunjika mwaka 2003 kwa kukosa fedha, na iliyofuata ilianza mwaka 2009, yeye akiwa tayari na umri wa miaka 37.

Ndani ya ligi hiyo ya pili, Aprili 2010, akiichezea Washington Freedom, aliinama kudaka mpira wa chini, na goti la mshambuliaji aliyekuwa akikimbilia mpira huohuo likamgonga kichwani upande wa kulia. Hakupoteza fahamu, akaendelea kudaka hadi mapumziko, ndipo alipotoka akiyumbayumba. Hakucheza tena. Mtikisiko ule wa ubongo ulimwachia maumivu makali ya kichwa, usahaulifu na sonona iliyomfikisha ukingoni mwa kujiua, na wakati huo alikuwa akivutana na kampuni ya bima kuhusu gharama za matibabu. Mguu uliovunjika hufungwa plasta na kila mtu akauona; kichwa kinachouma hakina ushahidi wa namna hiyo, na nadhani hapo ndipo mateso yake yalipozidi. Ndiyo miaka aliyozipeleka medali rehani.

Mwambie binti kwamba baadaye alizikomboa. Mwaka 2013 alifanyiwa upasuaji wa neva za kisogoni zilizokuwa chanzo cha maumivu hayo, akapata nafuu, kisha akaanza kuzungumza hadharani juu ya majeraha ya kichwa, hata mbele ya Bunge la Marekani. Mwaka 2017 alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Heshima wa Soka wa nchi hiyo, akiwa golikipa wa kwanza wa kike na mwanamke mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa una golikipa nyumbani nitaongeza hili: akigongwa kichwani, atolewe uwanjani papo hapo, asirudi siku hiyo hata akiapa kwamba yuko salama, kisha aonwe na daktari. Akitapika, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, mwahishe hospitali bila kungoja asubuhi. Zungumza na mwalimu wa michezo mapema, kabla ya mechi ijayo, ili siku hiyo kusiwe na mabishano kando ya uwanja.