Kiongozi akikuuliza kichwa vipi, usimdanganye

Mara ya kwanza kupanda Kilimanjaro niliishia pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, saa nane usiku, nimepiga magoti kwenye changarawe natapika chai ya tangawizi. Mara ya pili nilifika. Kati ya safari hizo mbili sikuongeza mazoezi hata kidogo, kwa hiyo msinihubirie habari za pumzi.

Nilipita njia ya Marangu zote mbili. Ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala, na mtu asiyependa hema kama mimi haoni sababu ya kuhangaika na nyingine. Safari ya kwanza nilichukua siku tano, kwa kuwa ya siku sita ilikuwa ghali zaidi. Tofauti yenyewe ni usiku mmoja tu wa ziada kwenye vibanda vya Horombo, nikaona nalipia usingizi. Kumbe Horombo ni mita 3,720 na vibanda vya Kibo, vya mwisho kabla ya kilele, ni kama 4,720. Unapanda kilomita nzima kwenda juu mchana, unalala saa chache, halafu saa sita usiku unaamshwa uanze safari ya kilele. Ile siku ya ziada mnatembea taratibu hadi kwenye miamba ya milia, Zebra Rocks, mnarudi kulala palepale, na mwili unapata nafasi ya kuzoea mwinuko. Ukibana bajeti, bana kwingine. Jaketi na begi la kulalia vinakodishwa Moshi, na sweta na suruali nzito utazipata mitumbani Memorial kwa bei ya kuelewana. Hiyo siku usiiguse. Tena Mtanzania analipa ada ya hifadhi kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni.

Lakini kilichonirudisha hasa ni uongo. Kila jioni kiongozi wetu, Mchaga wa hukohuko Marangu aliyepanda mlima huo mara nyingi kuliko nilivyopanda daladala, alikuja na kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, na swali lilelile: "Dada, kichwa vipi?"

"Kipo, kaka. Salama kabisa."

Kilikuwa kinagonga tangu tulipopita maji ya mwisho, kabla ya lile jangwa la kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Nikameza vidonge vya maumivu kimyakimya, nikiogopa ataniambia nishuke. Jioni ile Kibo, nimejilaza, nikawasikia wagumu wawili wakipita nje ya dirisha. Wagumu ndio wapagazi, wenyewe hujiita hivyo. Mmoja akasema, "Yule dada wa Dar hali. Sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda." Mwenzake akajibu, "Basi huyo hafiki."

Mzungu asingeelewa, mimi nikaelewa kila neno na bado nikajifanya nimelala. Kiongozi alikuwa ameshajua kupitia kwa mpishi, alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Kwa hiyo kula, hata kama supu haipiti. Chakula kikikataa, sema. Kichwa kikiuma, sema kabla hujameza kidonge. Na ukianza kuyumba kama mlevi au kutapika mfululizo, hapo hakuna mjadala, ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zipo, ila uzizungumze na daktari nyumbani, si kuazima za jirani kibandani.

Safari ya pili, siku sita, alinipokea kiongozi yuleyule. Usiku wa kilele tulikwenda mwendo wa kinyonga, mguu, pumzi, mguu, pumzi. Mbele sikuona kitu ila visigino vyake kwenye mwanga wa taa ya kichwani. Chupa ya maji nilikuwa nimeipindua, kwa kuwa barafu huanzia juu, na betri ya simu ilikuwa kifuani ndani ya fulana. Karibu na Gillman's Point, pale ukingoni mwa kreta, akageuka.

"Dada, kichwa vipi?"

"Kinauma kidogo, kaka. Upande huu."

Akacheka. Akanikalisha kwenye jiwe, akanipa chai ya moto kutoka kwenye chupa yake, akaniuliza jina la mama yangu na leo ni siku gani. Nilijibu sawasawa. Akachukua mkoba wangu, tukaendelea taratibu zaidi. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshika ubao wa Uhuru, mita 5,895, nalia kamasi zinaganda.

Kuhusu kushuka hakuna anayekuambia: mnarudi hadi Horombo siku hiyohiyo, vidole vikigonga ncha ya kiatu njia nzima. Kata kucha za miguu kabla ya kuondoka nyumbani. Mimi sikukata, na mbili zilitoka.