Siku zangu zote ni kazi za nyumbani. Je, imani yangu imepoa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Kabla sijaolewa nilikuwa naamka alfajiri kuomba, nafunga, mikesha sikosi. Sasa siku yangu inaanza na mtoto analia na inaisha nikiwa nimepitiwa na usingizi na nguo zangu mwilini. Ibadani wenzangu wanasimama kushuhudia makuu waliyotendewa, mimi sioni cha kusema. Biblia inatuambia tushukuru kwa kila jambo, lakini kuna jioni ninakuwa nimekasirika na kila mtu humu ndani, na nikisema "asante Yesu" najiona mnafiki. Je, imani yangu imepoa? Na nitashukuruje kwa siku isiyo na jipya?

JIBU: Amina, mama mpendwa. Sioni imani iliyopoa katika maneno yako. Naona mtu anayeipima imani yake ya leo kwa ratiba ya siku alizokuwa peke yake. Wakati ule Mungu alikupa saa nyingi tulivu, nawe ukazitumia vema. Sasa amekupa watu, na watu hawasubiri umalize maombi ndipo waumwe tumbo.

Fungua Wakolosai sura ya 3. Paulo anaandika akiwa kifungoni. Mwisho wa waraka anawaomba wavikumbuke vifungo vyake. Katika mstari wa 15 anasema, "tena iweni watu wa shukrani." Mstari wa 17: "Na kila mfanyalo, kwa neno au kwa tendo, fanyeni yote katika jina la Bwana Yesu, mkimshukuru Mungu Baba kwa yeye." Halafu angalia anakokwenda mara tu baada ya hapo. Anaingia nyumbani kwa watu: wake, waume, watoto, akina baba. Anawaonya waume wasiwe na uchungu na wake zao, na akina baba wasiwachokoze watoto wakakata tamaa. Tumezoea kusoma sehemu hizi mbili kwa Jumapili tofauti, ya kwanza kwenye ibada ya shukrani na ya pili kwenye harusi, na tukifanya hivyo tunapoteza jambo kubwa. Kwa Paulo, mahali pa kwanza ambapo shukrani inatakiwa kuonekana ni kati ya watu wanaolala chini ya dari moja. Jikoni kwako hukuiacha imani nje ya mlango. Umefika pale Paulo alipokuwa anaelekea.

Ndiyo maana nasema maombi yako yabadilishe umbo, yasikusubiri upate saa moja ya utulivu ambayo haitapatikana mwaka huu. Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi kulinena neno la Mungu "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hizo ndizo nyakati unazoishi tayari. Unapomwogesha mdogo, mkono mmoja umemshika mgongo na mwingine unamwagia maji, sema kwa sauti: "Bwana, asante. Juzi alikuwa akikalishwa anaanguka, leo amekaa mwenyewe." Umeomba. Na tazama, siku uliyoiita haina jipya ilikuwa nalo, ila hakuna aliyelitamka.

Kutamka nakusisitizia sana. Shukrani ya jumla, "asante Mungu kwa kila kitu," huchakaa upesi mdomoni kwa sababu haijagusa kitu chochote. Paulo alikuwa na desturi ya kuwaambia watu waziwazi kwamba anamshukuru Mungu kwa ajili yao; Wafilipi 1:3 inaanza hivyo. Mfanyie hivyo mkubwa wako. Jioni, ukimfunika shuka, mwambie: "Leo nimemshukuru Mungu kwa ajili yako, ulipomwachia mdogo wako zamu ya kucheza bila kuambiwa." Mtoto aliyesikia mama akimtaja mbele za Mungu kwa jema alilolitenda anajifunza kwamba Mungu huyo yumo humu ndani na anaona. Hakuna somo la katekisimu nilifundishalo mimi linaloweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Kuhusu ushuhuda, Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake isiyo na unafiki ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Biblia haitupi muujiza wowote wa wanawake hao wawili. Tunaambiwa walikuwa na imani, na kwamba kijana wao aliyajua Maandiko tangu utoto. Kwa hiyo Jumapili mkiulizwa nani ana neno, simama useme kwamba wiki nzima watu wako wamekula, wamelala na wameamka, na kwamba unamshukuru aliyewapa. Kanisa linahitaji kusikia hilo pia. Wapo wengi wamekaa kimya kwenye viti wakidhani Mungu amewasahau kwa sababu tu hawajapona ugonjwa mzito wala kupata kazi kubwa.

Sasa hasira. Unajiona mnafiki kwa sababu umedhani anayeshukuru lazima awe amechangamka. Soma Yohana 11. Kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro Yesu anaugua rohoni, anafadhaika, na mstari wa 35 unasema alilia machozi. Mistari michache mbele, katika wa 41, anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru." Na ule usiku aliotolewa, akijua vizuri kinachomngoja, alitwaa mkate akashukuru kabla ya kuumega. Mwokozi wetu alishukuru akiwa na huzuni kifuani. Basi nawe unaweza kumwambia: "Bwana, nimechoka na nimekasirika, na asante kwa kuwa unanisikia nikiwa hivi." Unafiki ungekuwa kuificha hasira usoni pake. Lakini ikishakutoa maneno makali kwa watoto, warudie uwaombe radhi kabla hawajalala, maana hilo nalo ni sehemu ya imani ya nyumbani.

Niongeze jambo kuhusu usingizi, kwa kuwa waamini wengi wanaona haya kulizungumza. Zaburi 127 inasema kazi ya wanaoamka mapema na kukawia kulala ni bure, kwa maana Mungu "humpa mpenzi wake usingizi," na mstari unaofuata unasema wana ndio urithi wa Bwana. Martin Luther, Mjerumani aliyeongoza matengenezo ya kanisa, katika katekisimu ndogo aliyoitoa mwaka 1529 ili wenye nyumba waifundishe jamaa zao, aliweka sala fupi ya jioni, kisha akaelekeza kwamba ukiisha kuisali ulale mara moja kwa furaha. Mama anayenyonyesha akilala badala ya kukesha hajamkosea Mungu.

Lipo neno moja ambalo hukuniuliza. Katika barua yako yote mume wako hatajwi hata mara moja, na nashuku sehemu ya hasira yako ya jioni iko hapo. Shukrani haikupewa mwanamke ili abebe mzigo wa watu wawili akitabasamu. Luther huyohuyo, mwaka 1522, aliandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, hata watu wakimcheka, Mungu pamoja na malaika wanamfurahia. Miaka zaidi ya mia tano imepita na bado wapo wanaume waliookoka wanaoona kazi hiyo itawashushia heshima. Haiwashushii. Wagalatia 6:2 inatuagiza sote kuchukuliana mizigo, na haikutenga kazi za nyumbani.

Usimwambie hayo saa ile ambayo mtoto analia na wote mna njaa. Subiri watoto walale, uanze kwa kumshukuru kwa lile analolifanya, lolote lile, kisha umweleze umechoka kiasi gani na unamwomba afanye nini hasa: labda awaogeshe wakubwa, labda akae na mdogo robo saa ili upate kuomba au kuketi tu. Akitaka, mpe asome jibu hili. Kisha mpange nani atakayeamka usiku huu mtoto akilia.