Re: Meli ya kitalii (cruise) ya Miami, kula ni bure kweli? Na bili inakuwaje?

Dada yangu, chakula cha bafe na cha ile dining kubwa, ukumbi mkuu wa kulia, kimeshalipiwa kwenye tiketi, kula mpaka uchoke, na mhudumu ukimwomba sahani ya pili ya samaki analeta wala hashangai. Chai, kahawa ya kawaida na maji ya bomba navyo kwa kawaida havilipiwi. Soda, pombe na zile restoranti za steki na sushi ndo unalipia, tena kwenye vinywaji wanaongeza 18% au 20% juu ya bei.

Sasa bili. Humo ndani keshi haitumiki, unapewa kadi inayofungua chumba na hiyohiyo ndo unanunulia, ila bakshishi kampuni nyingi zinaikata zenyewe kila siku, dola 16 hadi 20 hivi kwa kila kichwa hata mtoto, kwa hiyo familia ya watu wanne wiki nzima piga hesabu mapema. Ya kulipia hiyo bili usiwape debit kadi, wanashikilia hela yako na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia, toa kredit. Bili iangalie kila jioni kwenye TV ya chumbani, maana asubuhi ya kushuka foleni ya kulalamika haisogei!

Kama unataka chakula cha halal, waandikie kampuni ya meli wiki kadhaa kabla ya safari. Pasi ya nguo wanainyang'anya getini, iache nyumbani, na simu iweke hali ya ndege meli ikishatoka bandarini, mtandao wa baharini unakomba hela vibaya sana.